Kuchapisha utafiti si kujua kufundisha

Makala niliyoisoma inasema mwenye uzamivu wa nadharia ya muziki yuko tayari kuingia darasani, mradi utafiti wake umechapishwa. Hapana. Utafiti unakuzoesha kuchambua kazi zilizokamilika; darasani unaletewa kazi yenye kasoro, na lazima uone kasoro ilipoanzia. Chukua zoezi la sauti nne (soprano, alto, tenor na besi): mwanafunzi anatoka kodi (noti zinazolia pamoja) ya fa-la-do kwenda so-ti-re, anapandisha sauti zote pamoja, besi na soprano zinabaki katika umbali uleule wa noti tano (fa hadi do, kisha so hadi re), na zinasikika kama sauti moja. Kuzungushia wino mwekundu tu hakumsaidii. Mwonyeshe kwamba besi ikipanda, sauti tatu za juu zishuke: do iende ti, la iende so, fa iende re, kisha aimbe kila mstari peke yake. Na kusahihisha je? Vipimo 8 (vipande vya wimbo vyenye mapigo sawa) vyenye kodi 4 kila kimoja vina mihamo 31 ya kutoka kodi moja hadi nyingine, na kila mhamo una jozi 6 za sauti: jozi 186 za kukagua kwenye karatasi moja! Mwalimu mpya hutazama soprano na besi, makosa ya alto na tenor, sauti za kati, yanampita. Mnaofundisha somo hili, mnaanza na sikio au na kalamu?