Land Cruiser ya 1997 ina thamani gani machoni pa bima?

Land Cruiser mkonga ya 1997 (ile yenye bomba la hewa linalopanda kando ya kioo), yenye injini ya dizeli ya 1HZ na chesisi isiyoliwa na kutu, huuzwa Arusha kwa bei ambayo gari dogo la Kijapani la 2012 haliifikii. Madalali wanalijua hilo, mafundi wanalijua, na wezi pia. Lakini ukienda kuikatia bima kubwa, inayofidia hata gari lako mwenyewe, swali la kwanza ni mwaka wa kutengenezwa, na kwenye kampuni nyingi jibu lake humaliza mazungumzo: gari limepita umri, chukua bima ndogo, ya mtu wa tatu. Kampuni zinazolikubali nazo, siku ya hasara, hutaja thamani ambayo mwenye gari huiona kama tusi. Nionavyo, kampuni za bima zinaogopa kitu cha kweli ila zinakipima kwa rula isiyofaa. Wenye magari nao wanadai haki yao ila huja na ushahidi usiofaa.

Mkataba wenyewe husomwa mara chache. Sera ya kawaida ya bima kubwa, Tanzania na Kenya, huahidi kulipa thamani ya soko ya gari muda mfupi kabla ya hasara, au kiasi kilichoandikwa kwenye sera, chochote kilicho kidogo. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayoleta ugomvi. Ikiwa ni milioni 40 iliyochapwa kwenye karatasi, hiyo ni dari tu, wala si ahadi. Msingi wake ni wa zamani: sheria za bima za nchi zetu zimejengwa juu ya sheria ya Kiingereza, na kesi ya Castellain dhidi ya Preston ya 1883 iliweka wazi kwamba bima ya hasara ni fidia. Mtu arudishwe alipokuwa, asipungukiwe na asipate faida.

Sasa alikuwa wapi? Hapo ndipo kuna kazi. Kenya ni jambo la kawaida gari kupelekwa kwa mthamini linapokatiwa bima kubwa mara ya kwanza, na ripoti yake mara nyingi huwa na bei mbili: ya soko, na ya kuuza kwa haraka, ambayo ni ya benki inayouza dhamana na haiihusu bima. Tanzania mara nyingi mwenye gari hutaja thamani mwenyewe, wakala anaiandika, ada inalipwa, na hakuna anayelala chini ya gari kulitazama mpaka siku ya ajali. Wengine huchukua bei ya kununulia wakapunguza asilimia fulani kila mwaka, au huanzia kwenye majedwali ya uchakavu ya mamlaka za kodi. Majedwali hayo yaliundwa kwa ajili ya kutoza ushuru gari linaloingia bandarini. Hayakuundwa kueleza gari lililokaa nchini miaka 20 litapata mnunuzi kwa shilingi ngapi.

Hoja za kampuni za bima si za kupuuzwa. Magari ya aina hii huuzwa machache, kwa hiyo kusema bei ya soko ni kiasi fulani ni kukisia kutokana na mauzo mawili matatu yasiyo na risiti. Kilomita kwenye dashibodi ya gari la miaka 25 hazimwambii mtu kitu. Gari likigongwa, uozo uliokuwa umefichwa na rangi nao hufunguka, na fundi huuweka kwenye makadirio yaleyale: umegongwa mlango, lakini sakafu nayo inahitaji bati jipya. Nani alipe sakafu? Kisha kuna udanganyifu. Gari linalodaiwa kuwa na thamani kubwa kuliko soko ni gari ambalo mwenyewe hafaidiki likiwa zima, na mkaguzi yeyote wa madai anajua kwamba magari ya namna hiyo yana tabia ya kuungua usiku, kwenye njia isiyo na shahidi. Hata gharama za kawaida ni tatizo: shokapu zilizochoka zikibadilishwa kwa mpya, mwenye gari amepata kitu bora kuliko alichopoteza, ndiyo maana kampuni humtaka achangie tofauti. Kwa gari la zamani mchango huo hugusa karibu kila spea inayochakaa.

Upande wa wenye magari una hoja moja nzito kuliko zote: upatikanaji. Kenya, kwa kiwango cha KS 1515:2000, hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane. Maana yake HZJ75, Land Cruiser yenye 1HZ, ya 1997 ikiteketea Nanyuki, mwenyewe hawezi kuagiza nyingine kutoka Japani. Lazima amtafute Mkenya mwenzake aliye tayari kuuza yake. Tanzania mlango haujafungwa hivyo, ila gari kuukuu hutozwa ushuru wa ziada kwa sababu ya umri. Mahali ambapo bidhaa haiongezeki na wanaoitaka hawapungui, uchakavu wa asilimia kwa mwaka hauelezi chochote. Gari hushuka bei miaka ya mwanzo, kisha hufika mahali likasimama, na kuanzia hapo tofauti ya bei hutokana na hali yake.

Tena, haya si magari yatima. Mfululizo wa 70, ukoo wa Land Cruiser hizi, ulianza 1984 na bado unatengenezwa, Land Cruiser 79 huunganishwa Mombasa, na injini ya 1HZ imekuwapo tangu 1990, kwa hiyo spea ya leo mara nyingi huingia kwenye gari la jana. Bei ya jipya huivuta juu bei ya kuukuu. Land Rover Defender ina habari tofauti kidogo: utengenezaji wa ile ya zamani ulikoma Solihull tarehe 29 Januari 2016, na hilo limezipandisha thamani zile zilizo nzima huku likifanya baadhi ya spea za bodi kuwa ghali.

Shilingi nayo ina mchango wake. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa karibu shilingi 124 za Kenya. Mwisho wa mwaka ilipita 156. Aliyethaminiwa gari Januari ile alimaliza mwaka akiwa na kiasi kisichoweza kununua gari lilelile. Lakini shilingi ilirudi karibu na 130 kufikia Aprili 2024, na aliyejipandishia thamani wakati wa hofu akawa analipia hewa. Hoja hii hukata pande zote mbili, na wenye magari hupenda kuitaja upande mmoja tu.

Soko lenyewe pia lina vituko vyake. Muuzaji wa Dar es Salaam hukwambia gari ni “namba D”, na wa Nairobi hukwambia ni “KCA”, kana kwamba herufi za kibao ndizo umri. Kibao kinasema gari lilisajiliwa lini nchini. La 1996 lililoletwa miaka mingi baadaye lina namba changa na mifupa ya kizee. Katika hili kampuni ya bima inayoangalia mwaka wa kutengenezwa iko sahihi kuliko soko.

Mthamini anayejua kazi yake haanzii kwenye rangi. Huingia chini na nyundo ndogo: hugonga chesisi karibu na mashikio ya springi za nyuma na pale bodi inapokaa, akisikiliza mlio mfu wa bati lililooza. Gari la Tanga, Mombasa au Unguja lipate muda mara mbili, kwa sababu ya chumvi. Kwenye Defender hutazama ukuta wa mbele, unaotenganisha injini na abiria, na sehemu za kukanyagia, maana bodi ni alumini lakini ukuta huo na chesisi ni chuma, na mahali metali hizo mbili zinapogusana pakipata unyevu, alumini huliwa. Kwenye Land Cruiser hutafuta grisi iliyochanganyika na oili kwenye vifundo vya magurudumu ya mbele, ishara kwamba sili zimekufa. Hujaribu H4 na L4, gia za magurudumu manne za kasi na za nguvu, kwa kuendesha, kwenye udongo, maana taa kuwaka dashibodini si ushahidi. Hufungua kifuniko cha oili injini ikiunguruma aone moshi unaosukumwa. Mwisho hulinganisha namba ya chesisi na ya injini na zilizo kwenye kadi ya usajili.

Namba ya injini huwaangusha wengi. Gari lililozaliwa na injini ya petroli likabadilishiwa 1HZ lina thamani zaidi sokoni, lakini kama mabadiliko hayajaandikishwa TRA (mamlaka ya mapato ya Tanzania) au NTSA (mamlaka ya usafiri ya Kenya), mbele ya bima ni gari lenye injini isiyojulikana, na dai linaweza kukwama hapo. Vilevile magari ya utalii ya Arusha yaliyokatwa chesisi yakarefushwa na kuwekewa paa la kufunguka: kazi hiyo ni ghali na ina soko, ila lazima itajwe kwenye fomu kabla ya sera kuanza, yenyewe na kiasi chake. Winchi, mkonga, tangi la pili na karia ya juu viorodheshwe hivyohivyo. Lakini si kila nyongeza ni thamani. Turbo iliyofungwa mtaani kwenye 1HZ, injini iliyoundwa bila turbo, huongeza joto na huweza kupasua silinda hedi. Mwenyewe anaihesabu kama milioni kadhaa za juu. Mimi ningekuwa mthamini ningeipunguzia gari bei.

Hesabu zifuatazo ni za mfano tu. Gari lina thamani ya TSh milioni 40, mwenyewe kaandika milioni 25 ili ada ishuke. Anapata hasara ya milioni 8. Sera ikiwa na kipengele cha uwiano, kampuni italipa 25 kwa 40 ya hasara, yaani milioni 5, kisha ipunguze ile sehemu ya kwanza ambayo mwenye gari hubeba mwenyewe. Geuza: gari la milioni 35 limeandikwa milioni 45. Likiibwa italipwa 35. Kwa ada ya asilimia 3.5, ile milioni 10 ya juu imegharimu 350,000 kwa mwaka, na kwa VAT ya asilimia 18 ni 413,000, bila kununua chochote.

Kubwa zaidi ni hukumu ya gari lenyewe. Kampuni nyingi huhesabu gari limekwisha gharama ya matengenezo inapovuka nusu ya thamani au zaidi kidogo. Matengenezo ya milioni 11 kwa gari ambalo jedwali linasema ni la milioni 18 ni asilimia 61: gari limekufa. Matengenezo hayohayo kwa thamani halisi ya soko ya milioni 34 ni asilimia 32: lirudi gereji. Ni ajali ileile, na thamani iliyokosewa ndiyo iliyoliua gari linalotengenezeka.

Dawa inayotajwa ni thamani ya makubaliano: pande mbili zinaafikiana kiasi mwanzoni na hakijadiliwi tena gari likipotea lote. Ni jambo la kawaida kwenye bima za meli. Sheria ya Uingereza ya bima za baharini ya 1906 inaufanya mwafaka huo kuwa wa mwisho isipokuwa pawe na udanganyifu. Kampuni hulikwepa kwa magari, zikihofia mthamini anayenunulika na soko linaloporomoka katikati ya mwaka. Hofu hizo zina tiba: mthamini achaguliwe na kampuni, ukaguzi urudiwe kila mwaka, picha za chesisi zikae kwenye faili, gari lifungwe kifaa cha kulifuatilia, na ada iwe juu kidogo. Mwenye gari anayekataa masharti hayo hana haki ya kulalamika. Ila kampuni iliyopokea ada ya gari lililoandikwa milioni 40 kwa miaka mitatu bila kutuma mtu kulitazama gari, kisha siku ya hasara ikagundua ni la milioni 25, inaweza kuwa na sheria upande wake, lakini haina uso.

Kwa gari la zaidi ya miaka 15, ningechagua mojawapo kati ya mbili: bima kubwa yenye thamani ya makubaliano iliyoandikwa kwenye kiambatisho cha sera, au bima ya mtu wa tatu pamoja na moto na wizi. Hata hii ya pili inahitaji ripoti ya mthamini, kwa kuwa gari lililoibwa haliwezi kukaguliwa. Matangazo ya kulinganishia yawe ya chesisi na injini ileile, yahifadhiwe yakiwa na tarehe, na ikumbukwe kwamba bei ya tangazo si ya kuuzia. Risiti za EFD (mashine ya kodi) za spea zinathibitisha hali ya gari. Hazithibitishi kwamba kila shilingi iliyotumika imeongeza bei.

Gari likishatangazwa limekwisha, mazungumzo yanayobaki ni ya mabaki. Mwenyewe anaweza kuomba abaki nayo, na kampuni itakata bei yake kwenye malipo. Aombe kuona ofa za wanunuzi ambazo makato hayo yametoka, kisha aulize kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, injini nzima ya 1HZ, gia boksi na difu mbili zinakwenda kwa kiasi gani. Mara nyingine vitu hivyo peke yake huzidi makato. Kabla ya kusaini hati ya kukubali malipo, apate kwa maandishi kwamba mabaki ni yake na kwamba kadi ya usajili (logibuku, Kenya) itarudi kwake, kwa sababu bila hiyo hawezi kulirudisha gari barabarani wala kumhamishia mtu mwingine.