Mjakaranda Wangu na Vurugu Zake

Mjakaranda ulio nyuma ya nyumba yangu haukomi kumwaga. Huanza na vijani, vidogo kuliko ukucha wa mtoto, vinavyoziba mfereji wa paa na kujaa kwenye viatu vilivyosahauliwa nje. Vijani vikiisha, vinafuata vile vikonyo vilivyokuwa vimevibeba, vyembamba kama njiti. Kisha maua. Kisha maganda. Miaka nenda rudi nilifagia kwa hasira, na nusu saa haipiti uwanja umerudi vilevile.

Ua moja ndilo lililonituliza. Nilikuwa nimeinama kuzoa rundo, nikaligeuza kiganjani. Lilikuwa tarumbeta ndogo ya zambarau, na ndani yake ulilala uzi mrefu wenye vinyweleo, mithili ya brashi ya kuchorea. Maua mangapi kama hayo nimeyafagia bila kuchungulia ndani! Iliniuma kweli.

Tangu hapo nafagia polepole. Ganda nalo lina maajabu yake: bapa, gumu kama ubao, limepasuka pande mbili kama chaza. Mbegu zake zimezungukwa na utando mwepesi unaopitisha mwanga. Ukizipulizia tu, zinaruka.

Wapo wanaonishauri niukate nipande mti usiochafua. Siafiki hata kidogo, na hilo neno "kuchafua" ndilo linalonikera zaidi. Jani halianguki ovyo. Kabla ya kuliachia, mti hurudisha mwilini mwake sehemu kubwa ya virutubisho vilivyokuwamo, yaani naitrojeni na fosforasi, halafu hutengeneza tabaka dhaifu la seli pale kikonyo kinaposhikana na tawi. Hapo ndipo linapokatikia. Yanayobaki chini huwa chakula cha nyungunyungu. Mwanasayansi Mwingereza Charles Darwin aliwachunguza viumbe hawa kwa miaka mingi, akaandika mwaka 1881 kwamba mara nyingi huliburuta jani shimoni kwa kushika ncha yake nyembamba, kwa kuwa hivyo ndivyo linavyopita kirahisi. Mimi mwenyewe, asubuhi moja baada ya mvua, nilikuta vikonyo vitatu vimechomekwa wima udongoni, kama vile mtu alipita usiku akivipanda. Nilichuchumaa pale hadi magoti yakafa ganzi.

Njiani bado nafagia, maana maua yaliyolowa yanateleza na mtu anaweza kuvunjika mguu. Mfereji pia nauzibua. Lakini chini ya shina sigusi kitu. Udongo wa pale umekuwa mweusi, laini, unaingia kidole bila kusukuma.

Msimu wa maua umeanza tena wiki hii. Yakishaanguka, rangi yake haidumu. Muda si mrefu yanageuka kahawia. Kwa hiyo alfajiri naliacha fagio mlangoni, navua viatu, napita pembeni nisiyaponde.