Furu Si Chambo Tu

Kuna watu wanaofunga safari mpaka Indonesia kwenda kutazama tope. Kwenye mlangobahari wa Lembeh, kando ya Sulawesi, wapiga mbizi hawafuati matumbawe. Wanashuka kwenye mchanga mweusi wa volkano, katikati ya chupa na makopo, wanapekua kwa macho taratibu mno. Humo yumo pweza anayejigeuza akafanana na gayogayo au nyoka wa baharini; wanasayansi walimpa jina rasmi mwaka 2005 tu. Yumo pia samaki mwenye kijinyama kichwani anachokichezesha kuwavuta samaki wadogo, kama mvuvi na ndoano yake.

Siwaonei wivu bahari yao. Nawaonea wivu ule uvumilivu wa kutazama.

Mimi nimekulia Kirumba, Mwanza, karibu na mwaloni wanakoshushia samaki, na nilishakuwa mtu mzima nilipojua kwamba furu, wale samaki wadogo wa ziwani, si samaki mmoja. Wataalamu wanakadiria kwamba ziwa letu, Victoria, lilikuwa na aina 500 au zaidi. Sangara aliyepandikizwa miaka ya 1950 na 1960 alipokuja kushamiri miaka ya 1980, nyingi zilitoweka. Sisi bado tunawahesabu waliobaki kwa ndoo. "Hao furu tu, mwanangu, chambo cha sangara," aliniambia mzee mmoja mvuvi nilipoinama kuwatazama mtumbwini mwake.

Mmoja wa hao "furu tu" anaitwa Pundamilia nyererei. Ndiyo, Mwalimu mwenyewe, na mbele yake neno la Kiswahili kitupu! Dume lake lina mgongo mwekundu na ubavu wa njano. Binamu yake, Pundamilia pundamilia, ana rangi ya buluu na hukaa maji ya juu zaidi, kwenye miamba hiyo hiyo. Majike wao wanafanana mno, lakini kila jike humtambua mume kwa rangi. Kwenye kisiwa cha Makobe, maji yanakoangaza, wekundu huoana na wekundu, wa buluu na wa buluu. Ingia ndani ya Ghuba ya Mwanza mpaka kisiwa cha Luanso, kwenye maji ya matope: mwanga haupiti vizuri, rangi hazionekani, na huko aina hizo mbili hazitofautiki tena. Matokeo ya utafiti huu yalianza kuchapishwa mwaka 1997, na watu wa Mwanza wangapi wamewahi kuyasikia?

Kwa hiyo mvua ikinyesha, nikiona Mto Mirongo, unaoingia ziwani, umebadilika rangi kwa udongo wa vilima tunavyojenga bila mitaro wala miti, sioni uchafu peke yake. Naona samaki wanaoshindwa kuonana. Halmashauri ikidai mitaro na miti kabla ya kibali cha ujenzi, nitaiunga mkono waziwazi.

Siwahimizi watu wapige mbizi hapa, kichocho kipo. Nataka tangi la kioo tu pale mwaloni, maji safi, mawe machache, madume ya rangi zote mbili, na mtu wa kuwaeleza watoto. Yule mzee nilimwonyesha picha ya dume jekundu kwenye simu. Akaishika muda mrefu.

"Huyu nilikuwa namtupa," akasema.