Pangani ya Majumbe, Pangani ya Manamba

Anayetaka kusoma habari za mji wa Pangani kwa Kiswahili mara nyingi atakutana na Bushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani, atapelekwa hadi kwenye Boma, ataonyeshwa nyumba kongwe za mawe zinazoutazama mto, na hapo habari itakuwa imekwisha. Sina ugomvi na Bushiri. Ninalolalamikia ni kwamba historia ya namna hii huwataja wakubwa wa mji na kuwaacha watu wake, ilhali mji mdogo kama ule hauwezi kueleweka bila kuuliza wakazi wake walitoka wapi, waliletwa na nani, na kwa nini wengi wao hawakurudi kwao.

Katika karne ya 19 Pangani ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyofuata bonde la mto kutoka Kilimanjaro, Upare na Umasaini, na pembe za ndovu zilizoteremshwa kwa njia hiyo ndizo zilizowapa majumbe, yaani wakuu wenyeji wa mji, sehemu kubwa ya mapato na heshima yao. Kando ya mto yakakua mashamba ya miwa, mengi yakimilikiwa na Waarabu, Bushiri mwenyewe akiwa mmojawapo, na kazi yote ngumu ikifanywa na watumwa waliotolewa bara. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipotaka kupandisha bendera yake mwezi Agosti 1888, walioipinga hawakuwa watu wa aina moja wala wenye shauri moja: majumbe walikuwa na madaraka yao ya kulinda, wenye mashamba walikuwa na mali yao, na watu wa vijijini walioingia mjini na silaha walikuwa na hesabu zao wenyewe, ambazo hazikuwafurahisha waungwana siku zote. Bushiri alinyongwa palepale Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Waliomlimia miwa hatuwajui hata kwa majina, na sioni kwamba tumejitahidi kuwatafuta.

Reli iliumaliza mji kwa njia nyingine. Ujenzi wake ulianza Tanga mwaka 1893, ukafika Muheza mwaka 1896 na Mombo mwaka 1905, na mizigo ya bonde zima ikageukia bandari ya Tanga.

Mwaka huohuo wa 1893 ndipo lilipoanza jambo ambalo, kwa maoni yangu, limeibadilisha Pangani kuliko vita vya Bushiri. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya kusini ya mto. Mkonge ukastawi, lakini hauvunwi kwa maneno: kila jani hukatwa kwa mkono, hufungwa, hupelekwa kwenye korona, yaani mashine ya kuchakata majani, ili kutolewa singa, yaani nyuzi zake, na singa hizo huanikwa na kupigwa brashi kabla ya kusafirishwa. Wenyeji wa pwani, waliokuwa na minazi, mihogo na bahari yao, hawakuona sababu ya kujitwisha kazi hiyo kwa ujira mdogo. Kwa hiyo wenye mashamba, chini ya Wajerumani na baadaye Waingereza, walitafuta watu mbali: Unyamwezi, Buha, Ubena, Songea, Ruanda-Urundi, na Wamakonde waliovuka kutoka Msumbiji. Hao ndio manamba. Walipewa kipande, yaani kadi ya kazi, chenye nafasi za siku 30 za kazi na kulazwa kambini. Wengine mkataba ulipokwisha hawakuwa na nauli wala hamu ya kurudi, wakaoa, wakalima, wakaabudu na kuzikwa hapahapa mkoani Tanga.

Bei ya mkonge iliposhuka kwa sababu ya nyuzi za viwandani, na uzalishaji wa nchi ukaporomoka kutoka zaidi ya tani 200,000 katikati ya miaka ya 1960, mashamba yalifungwa au kuachwa vichakani, lakini watu walibaki. Ndiyo maana nasoma takwimu za sensa kwa tahadhari. Wilaya nzima ya Pangani ilikuwa na watu 43,920 mwaka 2002, 54,025 mwaka 2012 na 75,642 mwaka 2022. Katika muongo wa kwanza iliongezeka kwa asilimia 23, wakati nchi iliongezeka kwa asilimia 30. Katika muongo wa pili ongezeko lake, asilimia 40, liliupita kidogo wastani wa taifa. Wapo wanaoiona wilaya hii kuwa imelala kwa sababu idadi yake ni ndogo kuliko ya kata chache za Dar es Salaam zikijumlishwa. Mimi naona wilaya ambayo watu wake daima wamefuata kazi na njia, na ujenzi wa barabara ya lami ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo, pamoja na daraja la mto, hauna budi kuleta wageni wengine.

Nimesikia hoja kwamba manamba walikuwa wa kuja, na kwamba historia ya mji ni ya wenyeji. Hoja hiyo haisimami Pangani, ambako ukoo wa Kiarabu, wa Kihindi na hata wa Kishirazi hujisifu kwa kutoka ng'ambo bila mtu kuukatalia uenyeji. Anayekataliwa ni yule aliyekuja akiwa na panga la kukatia mkonge.

Waliozaliwa kambini katika miaka ya 1940 sasa wamekaribia au wamepita miaka 80. Ningependa shule za sekondari za wilaya ziwatume wanafunzi wakawarekodi kwa simu zao, wakianzia Kikogwe na Mwera, wakiuliza majina ya kambi, makabila yaliyokaa kila safu ya nyumba, na makaburi yalipo, kwa sababu vichaka vimekwisha kuyafunika mengi na shughuli za ujenzi hazitasubiri.