Sukari Haiji Peke Yake

Kaa kwenye benchi la kliniki ya sukari, yaani kisukari, katika hospitali yoyote ya umma magharibi mwa Kenya, kuanzia Nakuru hadi Busia, umuulize aliye kando yako ugonjwa ulimwanza lini. Hatakutajia tarehe ya kipimo. Atakwambia ulimwanza mwaka ule alipomzika mumewe, au nyumba ilipochomwa katika ghasia za uchaguzi, Januari 2008, au shemeji zake walipomtoa shambani. Akiingia kwa daktari, foleni nyuma yake ni ndefu, kwa hivyo kinachoandikwa ni namba iliyosomwa kwenye mashine na vidonge vya metformin, dawa ya kushusha sukari, vya mwezi mmoja. Habari ya shamba hairekodiwi popote.

Naamini sehemu kubwa ya tiba yetu inapotelea hapo, na wapo wataalamu ambao kazi yao yote ni kuandika habari hizo zisizorekodiwa. Wanaitwa wanaanthropolojia wa tiba.

Mmoja wao ni Emily Mendenhall wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani. Aliwasikiliza wanawake wenye asili ya Mexico waliokuwa na sukari jijini Chicago. Aliwauliza kuhusu ugonjwa, wao wakamweleza habari za kupigwa, za kuhama kwao, za jamaa waliowaacha nyuma. Baadaye alifanya utafiti Delhi, Soweto na Nairobi, na mwaka 2019 akatoa kitabu kinachoiweka miji hiyo minne pamoja. Kwa maabara, ugonjwa ni uleule. Lakini Soweto huwezi kuuzungumzia bila kutaja virusi vya Ukimwi, na Chicago huwezi kuuzungumzia bila kutaja ukatili na uhamiaji. Fikra anayoitumia ilianzishwa na mwenzake, Merrill Singer, katika miaka ya 1990: sindemia, yaani magonjwa yanayokutana katika watu walewale, yakichochewa na umaskini na dhuluma, na kila moja likiuzidisha ukali wa jingine.

Mtu wa Kisumu hahitaji kufundishwa hili. Kisumu, Siaya na Homa Bay ni miongoni mwa kaunti zilizoumizwa zaidi na virusi. Dawa zilipofika, waliokuwa wakingojea kifo wakaishi, wakazeeka, na uzee ukaja na sukari na presha. Sasa mama mmoja ana milango miwili ya kliniki. Mlango wa virusi ulijengwa kwa pesa za wafadhili, hasa mpango wa Marekani wa PEPFAR ulioanza 2003: dawa bure, faili lako lipo, ukikosa kufika unapigiwa simu. Mlango wa sukari ni wa kununua vijiti vya kupimia na kulipia vipimo. Nimemsikia zaidi ya mtu mmoja pale Kondele, mtaa wa Kisumu, akisema afadhali virusi kuliko sukari. Mgeni anashtuka akisikia hivyo. Sisi hatushtuki, na labda tungepaswa.

Kisha kuna suala la mawazo. Mgonjwa akisema sukari yake ililetwa na mawazo, wahudumu wengine hutabasamu na kumgeuzia maneno kwenye ugali. Lakini mwili wenye dhiki hutoa homoni ya kotisoli, na kotisoli huliamsha ini limwage sukari kwenye damu. Sisemi mawazo peke yake yanaleta ugonjwa. Uzito upo, chakula kipo, na damu ya ukoo ipo. Nasema mama huyo hajaropoka.

Hata huo ushauri wa chakula hutolewa kana kwamba kila mtu hujipikia na kujipakulia. Mwambie mke wa mtu apunguze ugali na chai ya sukari, halafu mtume matangani Siaya kwa wakwe, ambako kukataa sahani uliyopakuliwa na mama mkwe ni kesi itakayosikilizwa miaka kumi. Atakula, bila shaka. Akirudi kliniki atagombezwa, na safari ijayo atasema alifuata masharti yote.

Mwaka 1978, daktari na mwanaanthropolojia Arthur Kleinman, aliyekuwa amefanya utafiti Taiwan, aliandika pamoja na wenzake maswali machache ya kumuuliza mgonjwa. Unadhani ni nini kilichouleta ugonjwa huu? Kwa nini ulianza wakati ule ulipoanza? Unachokiogopa zaidi ni nini? Hayahitaji umeme wala mashine. Daktari hana nafasi, sawa. Lakini tangu Septemba 2023 serikali imewagawia wahudumu wa afya ya jamii vifaa, vikiwemo vya kupimia presha na sukari, na wahudumu hao wapo takriban 100,000. Wao tayari wanaingia sebuleni na wanajua boma lipi lina mgogoro. Waulize wao maswali hayo, na wakipata jibu, pawe na mtu wa kulipokea.

Taaluma hii nayo ina lawama zake. Magharibi mwa Kenya tumechunguzwa sana: KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na CDC, shirika la Marekani la kudhibiti magonjwa, wameshirikiana huku tangu 1979, na watu wa Asembo na Gem kule Siaya wamehesabiwa mlango kwa mlango miaka mingi. Masimulizi yakichukuliwa hapa, mara nyingi kitabu kinasomwa mbali na kwa bei isiyoshikika. Ndiyo maana kazi ya Mendenhall ninayoiheshimu zaidi ni ile aliyofanya nyumbani kwao Okoboji, Iowa, akiwauliza watu wa kwao kwa nini walikataa barakoa wakati wa korona.

Na sisi tuwatume wa kwetu. Mzazi akisikia mtoto anasomea anthropolojia huuliza ataajiriwa wapi, na ana haki. Kaunti ndizo zinazoendesha hospitali nyingi za umma tangu 2013, na tangazo la kazi la kumtafuta mtu wa namna hiyo sijaliona. Kisumu ianze na mmoja, anayejua Kijaluo, awe na kiti chake kliniki ya sukari.

Nitaulizwa pesa zitoke wapi wakati insulini yenyewe hukosekana. Insulini kwanza, sibishani. Ila chupa ambayo haijafunguliwa inataka friji, na kwa joto la mtaa wa Nyalenda, Kisumu, wasio na friji huiweka kwenye mtungi wa maji au kwa jirani. Wiki wanayokosana na jirani, sukari inapanda, na kwenye kadi panaandikwa kwamba mgonjwa hafuati maagizo.