Mwaridi wa Pwani Si wa Naivasha

Miche minne ya waridi nimeiua kwa mkono wangu, hapa hapa Kisauni, Mombasa. Miwili ya kwanza niliinywesha maji ya kisima cha uani, maji ya munda, yenye chumvichumvi, ambayo hata chai huikosesha ladha. Majani yakaanza kukauka pembezoni kama yaliyopitishwa juu ya jiko, na kabla mwezi haujaisha nikabaki na vijiti. Miwili iliyofuata niliimwagilia maji matamu, tena ya kununua kwa mkokoteni, lakini nikaipanda moja kwa moja ardhini. Majani yakawa manjano, mishipa yake ikabaki kijani. Nikadhani ni njaa, nikajaza samadi. Wapi!

Kumbe tunakaa juu ya mawe ya matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Chuma kimo ardhini, ila chokaa imekifunga na mzizi haukifikii. Ungeweza kuumwagia mmea ule samadi ya zizi zima na bado ungefifia.

Nayasema haya kwa sababu kila nikipita kwa wauza miche kando ya barabara naona watu wakichagua mwaridi kwa urefu wa kikonyo. Wanataka lile ua la dukani, lililonyooka kama askari wa gwaride. Ua lile ni la mashamba ya Naivasha, huko Bonde la Ufa, bwana. Kule ni karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, usiku watu hujifunika blanketi, na waridi lenyewe limezalishwa lisafiri kwa ndege hadi Ulaya na likae siku nyingi ndani ya chombo cha maji. Katika kulitafutia uimara huo, mara nyingi harufu ndiyo iliyotolewa kafara. Sasa wewe ulete mmea wa namna hiyo kwenye jasho la kaskazi, ulee miezi sita, upate ua lisilonukia? Hasara mara mbili.

Maoni yangu, na najua wapo watakaonicheka, ni kwamba waridi la Mombasa ni la pua. Jicho baadaye. Bibi zetu hawakupanda waridi wapambe meza. Walitaka petali za kikuba, kile kishada cha kunukia wanachovaa wanawake, zifungwe pamoja na asumini, rehani na mkadi, mtu apite mlangoni na nyumba nzima ijue amepita. Kwa hiyo tafuta kile kichaka kifupi chenye maua madogo ya pinki yenye tabaka nyingi. Aghalabu hutakiona kwa wauza miche; utaomba kijiti kwa mwenye nacho, ukichomeke kwenye mchanga wenye unyevu kivulini, usubiri. Mimi changu nilipewa Mji wa Kale, kwenye uwanda mdogo wa nyumba isiyo na hata futi moja ya udongo. Kilikuwa kimeota ndani ya pipa lililokatwa nusu.

Pipa lile lilinifundisha kuliko fundi yeyote. Ukipanda kwenye pipa au ndoo kubwa iliyotobolewa chini, unaikwepa chokaa. Udongo mwekundu, samadi iliyooza ikapoa, na majani makavu ya mvinje juu yake. Huo mvinje usiudharau. Kule Bamburi, kwenye machimbo ya mawe yaliyobaki uchi, mtaalamu wa kilimo René Haller alianza kupanda mivinje mwaka 1971, na majongoo yakatafuna yale majani membamba hadi yakawa rutuba ya msitu. Pipa langu nalo lina majongoo wake, na mke wangu ameapa halisogelei.

Halafu majirani wa mwaridi. Peke yake, mwaridi ni mmea wa kutia huruma: juu miiba na ua moja, chini miguu mitupu inayochomwa na jua. Mimi nimeuzungushia mirehani. Inatia kivuli mizizi, na nikiiacha itoe maua huleta nyuki na nzi wadogo wenye mistari, ambao watoto wao hula vidukari. Asumini nimeiweka mbali kidogo, upande wa ukuta, kwa sababu ina tamaa. Ikipata nafasi hupanda juu ya kila kitu. Kitunguu saumu nacho nilikipanda baada ya kuambiwa kinafukuza wadudu. Vidukari walikuja vilevile, nadhani walikipenda. Tulikila.

Adui mkubwa ni ugonjwa wa madoa meusi. Kuvu inayouleta inahitaji jani lililolowa kwa muda wa saa saba hivi, na hewa yetu ya masika haikaushi kitu. Sasa mtu anatoka kazini magharibi, anashika mpira, anaurushia mmea maji kichwani, kisha analala. Usiku mzima jani limelowa! Mwagilia asubuhi, chini kwenye shina, na okota kila jani lenye madoa lililoanguka ulitupe mbali. Wakati wa kaskazi mambo hugeuka, wanakuja utitiri wekundu chini ya majani. Hao nawapulizia maji ya majani ya mwarobaini niliyoyaponda na kuyalaza usiku kucha, na mti wenyewe upo kila mtaa.

Kupogoa nafanya kusi ikishapoa, mwezi wa saba au wa nane, juu ya jicho la chipukizi linalotazama nje. Sikati sana, jua letu huunguza shina lililo uchi.

Juzi jirani alituma mtoto kuomba mawaridi matano ya kikuba cha harusini. Nilimpa manne. La tano lilikuwa na nyuki ndani, nikamwambia mtoto akae barazani amsubiri atoke.