Pedi ya mkonge, pampasi ya plastiki: tuanzie wapi?

Maji ya bamvua yakishapwa pale hori la Tudor, hapa Mombasa, nenda kaangalie mizizi ya mikoko. Chupa hazikai, vijana huziokota wakaziuza kwa kilo. Chuma hakifiki jioni. Kinachobaki ni pampasi, zimefura kama mahamri yaliyozidi hamira. Hazina mnunuzi, na hakuna mkono unaotaka kuzigusa.

Ndiyo maana habari ya pedi ya mkonge iliposikika, wengi waliipokea kama mwezi wa Idi. Mwaka 2023 watafiti wa maabara ya Manu Prakash, Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walieleza katika jarida la Communications Engineering jinsi walivyogeuza nyuzi za mkonge kuwa kitu laini kinachonyonya kuliko pamba. Na sisi mkonge tunaujua. Ukivuka Mtwapa kuelekea Kilifi, mashamba ya Vipingo yanakusindikiza kandokando ya barabara. Swali likaja lenyewe: ikiwa malighafi iko mlangoni, kwa nini tumbo la pedi na pampasi zetu litokane na misonobari ya kusini mwa Marekani? Maana huko ndiko inakotoka sehemu kubwa ya ile pamba ya karatasi wanayojazia viwandani duniani.

Swali zuri. Lakini wanaolijibu haraka, wa upande huu na wa ule, huchanganya vitu viwili tofauti, pedi na pampasi, na mimi pia nilikuwa nikivichanganya mpaka siku nilipopasua pampasi jikoni.

Niliichana kwa kisu juu ya sinia. Juu kuna kitambaa chembamba kisichofumwa, cha plastiki iitwayo polipropilini. Chini kuna karatasi ya plastiki inayozuia maji kutoka. Katikati ni pamba ya karatasi, na ndani ya pamba hiyo punje nyeupe ungedhani ni chumvi. Nilizikung'uta zikapatikana kama vijiko viwili vya chai, nikazimwagia kikombe cha maji ya kunywa. Sikuwahi kukiweka kikombe chini. Zilikuwa zimeshakuwa uji, kisha donge lisilomwagika hata ukipindua sinia. Nikanyunyizia chumvi ya mezani. Donge likalegea, likaanza kuyatema maji.

Punje hizo ni sodiamu poliakrileti, plastiki inayotokana na mafuta ya petroli. Ukoo wake unaanzia kwa wataalamu wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, miaka ya 1960, waliokuwa wakitafuta namna ya kuufanya udongo ushike maji. Katika maji safi huweza kubeba maji mara mamia ya uzito wake. Mkojo, kwa kuwa una chumvi, huubeba mara makumi tu. Hayo makumi yanatosha, kwa sababu ya tabia moja ambayo nyuzi hazina: mtoto akikalia, donge halirudishi maji. Pamba ukiibana inatema. Mkonge nao, hata ukilainishwa vipi, ni nyuzi, na nyuzi huyashika maji katikati ya nafasi zake.

Sasa weka hesabu mezani. Damu ya hedhi nzima, siku zote zikijumlishwa, kwa kawaida ni mililita 30 hadi 40, na ikipita 80 huhesabiwa kuwa nyingi. Mtoto anayelala usiku kucha hutoa mamia ya mililita ndani ya pampasi moja. Hivyo si viwango vya kutiwa kwenye mizani moja. Pedi inaweza kuishi bila zile punje. Pampasi ya usiku, kwa sasa, haiwezi. Anayekwambia mkonge utaondoa pampasi Tudor anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Anayekwambia vitu hivi havitengenezeki bila plastiki ya kunyonya naye anasema kweli ya pampasi na kuivisha pedi.

Kwenye pedi, kuna jambo moja la kwetu ambalo sijaona likitajwa sana na wavumbuzi. Wanawake wengi wa Pwani huiosha pedi kabla ya kuitupa. Wengine ni kwa usafi na stara, wengine wanaogopa damu yao isije ikaangukia mikononi mwa watu wabaya. Muulize bibi yeyote wa Mji wa Kale, atakujibu kabla hujamaliza swali. Pedi ya kisasa yenye zile punje ukiiosha inapasuka, na donge linateleza hadi kwenye bomba la bafu, na hapo ndipo fundi anapoitwa. Pedi ya nyuzi tupu inasuuzika kama kitambaa. Kwa mtengenezaji wa ng'ambo hilo ni dogo. Kwa soko la hapa ni sababu ya kutosha ya mtu kuchagua chapa.

Upande wa pili nao una hoja nzito. Msichana wa darasa la saba Kisauni au Likoni hahitaji mazingira kwanza, anahitaji asichafuke. Pedi ikivuja mara moja tu mbele ya wenzake, hata ingekuwa imefumwa na malaika hatairudia. Serikali ya Kenya iliondoa kodi ya VAT kwenye pedi mwaka 2004, na mwaka 2017 sheria ya elimu ya msingi ikarekebishwa ili wanafunzi wapewe bure. Mafanikio yote hayo yalijengwa juu ya pedi ya plastiki, tusijifanye hatuoni. Wala kurudi kwenye winda na vipande vya leso kuukuu si jibu kwa kila nyumba. Winda linataka maji, na Mombasa hii kuna mitaa ambapo maji hufika kwa mkokoteni, kwa mtungi, kwa pesa.

Halafu kuna utengenezaji wenyewe. Mtambo wa kiwandani hutoa mamia ya vipande kwa dakika, na bei ya dukani inatoka hapo. Njia ya Stanford ina fadhila yake: inatumia asidi ya fomiki, jamaa ya ule ukali wa mdudu chungu akikuuma, pamoja na haidrojeni peroksaidi, kuondoa lignini inayoufanya uzi wa mkonge kuwa mgumu wa kamba. Haihitaji kiwanda kikubwa. Lakini asidi ni asidi. Lazima irudishwe itumike tena, na maji ya kusuuzia yasafishwe. Karakana ya Mikindani ikiyamwaga mferejini, yatafika kwenye hori lile lile tunalolililia. Tena katika jani la mkonge, uzi ni kama asilimia 4 tu ya uzito. Kilichobaki ni majimaji na makapi yanayotaka mahali pa kwenda.

Neno linaloniudhi ni hili la "inaoza". Linabandikwa kwenye pakiti kama dua. Kuna plastiki ya mahindi, PLA, inayotumiwa badala ya kitambaa cha juu. Huoza vizuri penye joto la nyuzi karibu 60, kwenye mitambo ya mboji. Itupe jaani Mwakirunge, itakaa ikikutazama. Kuna plastiki ya miwa, polietilini, iliyoanza kutengenezwa kwa wingi Brazil mwaka 2010. Imetoka shambani, kweli, lakini ikishakuwa polietilini haina tofauti na ile ya mafuta, na haiozi. Hata nyuzi zenyewe zikifukiwa kwenye rundo lisilopata hewa hutoa gesi ya methani. Kwa hiyo yule anayevumbua tumbo la pedi akaacha karatasi ya chini iwe plastiki ile ile ya zamani, amefanya nusu ya kazi, na si nusu ngumu.

Ushuru je? Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka kutoza tozo ya mazingira, na pampasi zilikuwamo. Tunajua ulivyoishia: uliondolewa Juni ya mwaka huo huo, vijana wakiwa barabarani. Kwa hapo nilikuwa upande wa kina mama: huwezi kumtoza mtu kwa kutotumia kitu ambacho hakijafika dukani. Huku kwetu pampasi hununuliwa moja moja, shilingi 20 hivi hadi 30. Mama akija na sarafu mkononi, hata shilingi 3 za nyongeza atazihisi.

Njia ninayoiona imepita Uganda. Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere alitengeneza pedi ziitwazo MakaPads kwa mafunjo na karatasi taka, na zikapata mnunuzi mkubwa, shirika la wakimbizi la UNHCR, badala ya kupigania nafasi kwenye rafu za maduka na makampuni makubwa. Sisi mnunuzi wa namna hiyo tunaye: ni serikali, na pedi zake za shule. Zabuni ikitenga hata fungu dogo kwa pedi za nyuzi za hapa, zilizopita vipimo vya KEBS, shirika la viwango la Kenya, kama nyingine yoyote, mwenye karakana ana karatasi ya kupeleka benki. Pampasi ya mchana, ya mtoto anayebadilishwa kila saa mbili, ingefuata. Ya usiku tuiache na punje zake kwanza, tutafute namna ya kuikusanya kabla haijafika mtoni.